Kupima uga wa sumaku kwa chipu ya silikoni: mwongozo kamili hadi namba unayoweza kuitetea

Chipu ya silikoni yenye miguu mitatu, ndogo kuliko ukucha, inaweza kukwambia uga wa sumaku una nguvu kiasi gani mahali ilipo. Kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa ni kuifanya itoe namba ambayo mtu mwingine, kwa chipu nyingine na meza nyingine, ataipata pia. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo ya pili. Ukiufuata hadi mwisho utakuwa na chombo kinachopima uga kwa shaka (kiasi ambacho jibu linaweza kuwa limekosea) ya takriban asilimia 1 na, jambo ninalolithamini zaidi, utaweza kueleza asilimia hiyo imetoka wapi.

Niseme mapema ninachokiamini kuhusu kazi hii: usahihi haununuliwi pamoja na chipu. Chipu yoyote ya kawaida ina sifuri iliyopotoka (haisomi sifuri hata pasipo uga), unyeti (volteji inayotoa kwa kila kiasi cha uga) unaobadilika kwa joto, na kelele (mtikisiko wa usomaji usio na mpangilio). Anayepima vizuri hupanga vipimo vyake ili kasoro hizo zifutane zenyewe. Ndiyo maana sehemu ndefu zaidi hapa ni ile ya kugeuza, wala si ile ya kuunganisha nyaya.

Kinachotokea ndani ya chipu

Mwaka 1879 Edwin Hall, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, alipitisha mkondo wa umeme kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu iliyokaa kati ya ncha za sumaku, akaona volteji ndogo ikijitokeza ubavuni, kukingama na njia ya mkondo. Uga wa sumaku husukuma elektroni zinazosafiri kuelekea ukingo mmoja. Elektroni hurundikana huko mpaka volteji ya ubavuni inatosha kuzizuia zinazofuata. Ukubwa wa volteji hiyo, iitwayo volteji ya Hall, ni:

V = I × B ÷ (n × q × t)

I ni mkondo, B ni uga, n ni idadi ya elektroni huru katika kila mita ya ujazo, q ni chaji ya elektroni moja, na t ni unene wa bamba.

Siri yote iko kwenye n. Shaba ina elektroni huru zipatazo 8.5 × 10²⁸ kwa mita ya ujazo. Silikoni iliyotiwa uchafu maalumu inaweza kuwa na 10²² tu. Chukua bamba lenye unene wa maikromita 5, mkondo wa milliampea 1 na uga wa millitesla 1. Shaba itakupa takriban pikovolti 15, kitu ambacho hakuna multimita itakayokiona. Silikoni itakupa maikrovolti 125, ambazo amplifaya ya kawaida inazimudu bila shida.

Kusema kweli silikoni si semikondakta bora kuliko zote kwa kazi hii. Elektroni husogea kwa wepesi zaidi ndani ya galiamu arsenidi, na kwa wepesi mkubwa mno ndani ya indiamu antimonidi. Silikoni imeshinda kwa sababu kwenye kipande hichohicho unaweza kujenga bamba la Hall, amplifaya, saketi ya kufidia joto, na swichi zinazozungusha mkondo wa bamba kutoka upande hadi upande mara maelfu kwa sekunde. Kila mkondo unapozungushwa, hitilafu inayotokana na umbo la bamba hugeuka alama huku volteji ya Hall ikibaki ilivyo, na wastani huiua hitilafu. Ishike mbinu hiyo kichwani, kwa sababu tutaifanya wenyewe nje ya chipu.

Silikoni ina heshima nyingine pia. Mwaka 1980, huko Grenoble, Klaus von Klitzing alipima transista ya silikoni katika baridi kali na uga mkubwa wa sumaku, akakuta ukinzani wa Hall (volteji ya Hall ikigawanywa kwa mkondo) ukipanda kwa ngazi zilizo sawa kabisa, zinazotokana na omu 25,812.807 kugawanywa kwa namba nzima. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na hadi leo maabara za taifa za vipimo huihakiki omu kwa ngazi hizo.

Hatua ya 1: Kadiria uga unaoutafuta

Uga wa dunia ni kati ya maikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali. Waya mmoja mnyoofu unaobeba ampea 1 hutoa maikrotesla 20 ukiwa umbali wa sentimita 1. Sumaku laini za mlango wa jokofu hutoa millitesla chache, na sumaku ya neodimiamu inaweza kufikia mamia ya millitesla usoni pake. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa orodha hiyo uga unaongezeka zaidi ya mara elfu kumi, kwa hiyo hakuna chipu moja itakayokufaa kote.

Katika mwongozo huu natumia DRV5055A1 ya Texas Instruments kama mfano. Ikipewa volti 5 hutoa milivolti 100 kwa kila millitesla na hufika hadi millitesla 21 kila upande. Ndugu yake A4 hutoa milivolti 12.5 kwa millitesla na hufika mbali zaidi, karibu 169. SS49E, inayopatikana kwa wingi, iko karibu na milivolti 14 kwa millitesla. Sharti iwe chipu ya mstari, yaani inayotoa volteji inayopanda na kushuka pamoja na uga. Zile za kuwaka na kuzima tu hazifai. Ikiwa unachotafuta ni chini ya maikrotesla 1, acha Hall kabisa ukatafute kihisi cha aina nyingine, kama vile vile vya ukinzani unaobadilika kwa sumaku.

Vingine utakavyohitaji ni kigeuzi cha analogia kwenda dijitali cha ADS1115, mikrokontrola yoyote unayoijua, rezista na kapasita chache, rezista moja ya omu 1 yenye usahihi wa asilimia 0.1, kihisi cha joto, waya wa shaba wenye vanishi, na chanzo cha umeme kinachotulia. Chanzo hicho kisiwe USB moja kwa moja, kwa maana umeme wake mara nyingi umejaa kelele za kompyuta.

Hatua ya 2: Unganisha saketi

Soma karatasi ya data ya chipu yako kuona mguu upi ni wa umeme, upi ni wa ardhi na upi ni wa kutolea, kwa sababu mpangilio hutofautiana. Weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa umeme na ardhi, milimita chache tu kutoka kwenye chipu. Ikiwa chipu itakaa mbali na saketi, sokota nyaya zake tatu pamoja.

Uga ukiwa sifuri, chipu hii hutoa nusu ya volteji inayolishwa, yaani volti 2.5. Tunachokitaka ni milivolti chache zilizo juu au chini ya hapo. Kwa hiyo tengeneza nusu ya pili: rezista mbili za kilo-omu 2 zilizofuatana kutoka volti 5 hadi ardhi, na katikati yake utapata volti 2.5 pia. Mguu wa kutolea upeleke kwenye ingizo A0 la ADS1115 kupitia rezista ya kilo-omu 1, na katikati ya zile rezista mbili upeleke kwenye A1. Kila ingizo lipate kapasita ya maikrofaradi 10 kwenda ardhini. Nimechagua kilo-omu 2 kwa makusudi: rezista mbili za namna hiyo, zikitazamwa kutoka katikati yake, ni sawa na kilo-omu 1, kwa hiyo pande zote mbili zinachujwa kwa kasi ileile, karibu hezi 16. Umeme ukitikisika kidogo, A0 na A1 hutikisika pamoja na tofauti yao haijui lolote.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulipita: chuma kilicho karibu. Miguu ya rezista na kapasita nyingi, skrubu, na vibanio vya ndani ya bredibodi huweza kuwa na chuma kinachovuta na kupinda uga. Pitisha sumaku ndogo juu ya kila kitu. Kinachovutwa kisiwe karibu na chipu. Ninapendelea chipu ikae peke yake kwenye ncha ya kijiti cha mbao au plastiki, na saketi iliyobaki iwe mbali kiasi cha mkono mmoja.

Hatua ya 3: Soma kwa namna inayofaa

Mikrokontrola nyingi zina kigeuzi chake cha biti 10. Kwa volti 5, hatua moja ni milivolti 4.88, ambayo kwa chipu yetu ni maikrotesla 49. Maana yake uga wote wa dunia ungeonekana kama hatua moja, au usionekane kabisa. ADS1115 ina biti 16, na ukiiweka kwenye kipimo cha volti 0.256 kila upande, hatua moja ya tofauti kati ya A0 na A1 ni maikrovolti 7.8, sawa na maikrotesla 0.078. Kipimo hicho kinatosha hadi takriban millitesla 2 kila upande ukishatoa nafasi ya sifuri iliyopotoka. Uga ukizidi hapo, panda hadi kipimo cha volti 1.024.

Baada ya kila kundi la usomaji, badilisha kipimo kuwa volti 4.096 usome A1 peke yake. Hapo unajua nusu ya umeme halisi wa wakati huo. Unyeti wa chipu hufuata umeme wake: volti 5 zikishuka hadi 4.9, unyeti unashuka kwa asilimia 2. Zidisha matokeo yako kwa 2.5 kisha ugawanye kwa ulichosoma A1, na kosa hilo linaondoka. Ni mistari miwili ya programu, lakini faida yake ni kubwa kuliko ya kununua chipu ghali zaidi.

Hatua ya 4: Itazame kelele kabla ya kuificha

Usikimbilie wastani. Kwanza weka chipu itulie, kusanya usomaji 1,000, na ukokotoe mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho usomaji mmoja mmoja hutawanyika kuzunguka wastani wake. Chukua chipu yenye kelele ya nanotesla 100 kwa kila mzizi wa hezi, kiwango cha kawaida kwa chipu za Hall. Ukiacha upana wa hezi 10,000 wazi, kelele inafika maikrotesla 10. Kwa kichujio chetu, ambacho upana wake halisi wa kelele ni karibu hezi 25, inabaki nusu maikrotesla. Ukipata kiasi kikubwa zaidi ya hapo, kuna kitu kinaingia kutoka nje.

Mara nyingi mgeni huyo ni umeme wa gridi wa hezi 50 au 60. Dawa yake ni kuchukua wastani kwa muda ulio kizidisho cha milisekunde 100, kwa sababu ndani yake mna mizunguko 5 kamili ya hezi 50 na mizunguko 6 kamili ya hezi 60, na mzunguko kamili wastani wake ni sifuri. Pima muda huo kwa saa ya mikrokontrola. Usiutegemee wingi wa sampuli, kwa kuwa saa ya ndani ya ADS1115 inaweza kukosea hadi asilimia 10.

Ni wastani wa muda gani unafaa? Kelele hupungua kwa mzizi wa idadi ya sampuli, lakini si milele. Baada ya muda fulani sifuri yenyewe huanza kuhama, na kusubiri zaidi kunaharibu badala ya kutengeneza. David Allan alionyesha mwaka 1966 namna ya kuupata mpaka huo alipokuwa akichunguza saa za atomu. Rekodi kwa saa moja bila kugusa kitu. Gawa rekodi katika makundi ya sekunde 1 na utafute wastani wa kila kundi. Chukua tofauti kati ya kila kundi na jirani yake, ipige mraba, tafuta wastani wa miraba yote, gawa kwa 2, kisha chukua mzizi. Rudia kwa makundi ya sekunde 3, 10, 30 na 100. Namba zitashuka, zitatulia, kisha zitapanda. Pale zilipo chini kabisa ndipo muda wako wa wastani ulipo. Muda huo ni wa chipu yako na chumba chako, na hautapatikana kwenye karatasi ya data.

Hatua ya 5: Geuza

Hapa ndipo penye moyo wa kazi. Karatasi za data za chipu hizi huruhusu sifuri ipotoke kwa makumi ya milivolti. Milivolti 50 kwa chipu yetu ni maikrotesla 500, mara kumi ya uga wa dunia. Ukisoma mara moja tu, hujui ni kiasi gani cha unachokiona kinatoka ulimwenguni na kiasi gani kinatoka ndani ya chipu. Hakuna wastani utakaokusaidia, kwa kuwa kosa hili halitikisiki, limekaa tu.

Lakini chipu ina mwelekeo. Inahisi ile sehemu ya uga inayopenya uso wake kwa pembe mraba. Ikigeuzwa nyuzi 180 mahali palepale, uga hugeuka alama na sifuri iliyopotoka haigeuki:

usomaji wa kwanza = sifuri + unyeti × uga

usomaji wa pili = sifuri − unyeti × uga

Nusu ya tofauti ni unyeti × uga pekee. Nusu ya jumla ni sifuri pekee. Umezitenganisha bila kifaa chochote cha ziada.

Jaribu kwa uga wa dunia. Weka chipu isimame ili uso wake utazame kaskazini ya dira, soma kwa muda ulioupata kwenye Hatua ya 4, igeuze itazame kusini, soma tena. Nusu ya tofauti, ukiigawanya kwa unyeti wa milivolti 100 kwa millitesla, ni sehemu ya uga wa dunia iliyo mlalo. Kisha ilaze itazame juu, halafu chini, upate sehemu ya wima. Piga kila moja mraba, jumlisha, chukua mzizi. Ukipata kitu kati ya maikrotesla 25 na 65 uko kwenye njia. Ukipata 90, tafuta chuma ndani ya meza.

Kugeuza kunahitaji nidhamu. Chipu yenyewe, ile sehemu ya silikoni, lazima irudi mahali palepale, kwa hiyo tengeneza kishikio cha mbao chenye umbo la mchemraba ili kila uso ukae vizuri kwenye kona. Mkono wako uondoke kabla ya kusoma, maana unapasha chipu joto, na saa au pete inaweza kuwa ya chuma. Na usigeuze mara moja tu kwa mtindo wa kwanza chanya, kisha hasi. Tumia mpangilio wa chanya, hasi, hasi, chanya. Ikiwa sifuri inahama polepole kwa kasi moja, tuseme 0, 1, 2, 3 katika usomaji minne, basi ya kwanza na ya nne ni 3, ya pili na ya tatu ni 3, na tofauti yao ni sifuri. Mhamo wote umefutika. Kwa gharama ya usomaji miwili ya ziada unapata kile ambacho vinginevyo kingehitaji chumba chenye joto lisilobadilika.

Pale unapotawala chanzo cha uga, kama koili, ni bora zaidi kugeuza mkondo na kuiacha chipu bila kuigusa. Nusu ya tofauti hapo huondoa sifuri ya chipu pamoja na uga wa dunia na wa kila chuma kilichotulia chumbani.

Hatua ya 6: Ugezi kwa koili mbili

Sasa una milivolti safi. Kuzigeuza kuwa tesla kunahitaji ugezi, yaani kukilinganisha chombo na uga unaoujua kwa njia nyingine. Milivolti 100 za karatasi ya data ni ahadi ya kiwandani kwa chipu zote kwa jumla, na chipu iliyo mkononi mwako inaweza kutofautiana nayo kwa asilimia kadhaa.

Koili mbili za Helmholtz hutoa uga unaoweza kuukokotoa kwa rula. Ni koili mbili zinazofanana, zilizo kwenye mhimili mmoja, zikiachana kwa umbali ulio sawa na nusu kipenyo chake, na mkondo ukizunguka upande uleule katika zote. Katikati yake:

B = 0.7155 × μ₀ × N × I ÷ R

N ni mizunguko ya koili moja, R ni nusu kipenyo chake kwa mita, na μ₀ ni namba ya kudumu, 4π × 10⁻⁷. Zungusha mizunguko 50 kila upande juu ya pete za mbao au plastiki zenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Utapata maikrotesla 449.6 kwa kila ampea. Kwa waya wa milimita 0.5 koili zote mbili zina ukinzani wa karibu omu 5.5, na mkondo wa ampea 0.5 unahitaji chini ya volti 3. Uga wake ni maikrotesla 224.8.

Usiukadirie mkondo kwa kuangalia volteji ya chanzo. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi ya Selsiasi, hivyo koili ikipata joto nyuzi 10 mkondo unashuka kwa karibu asilimia 4. Pitisha mkondo kwenye ile rezista ya omu 1 na upime volteji iliyo juu yake kila unaposoma chipu.

Weka chipu katikati kabisa, uso ukitazama mhimili wa koili. Pembe ikikosewa kwa nyuzi 3 unapoteza asilimia 0.14 tu, kwa hiyo jicho makini linatosha. Soma kwa mkondo wa ampea 0.1, 0.2, 0.3, 0.4 na 0.5, kila mmoja kwa mpangilio wa chanya, hasi, hasi, chanya. Chora nusu tofauti za milivolti dhidi ya maikrotesla. Mteremko wa mstari ndio unyeti wa chipu yako, pamoja na rezista zako na kichujio chako, kwa hiyo usibadilishe chochote baadaye bila kurudia. Mstari usipopita kwenye sifuri, kuna kitu kisichofuata mkondo kwa uwiano, kama kipande cha chuma kinachobaki na sumaku kila mkondo unapogeuzwa.

Hatua ya 7: Joto

Gundisha kihisi cha joto karibu na chipu na uandike joto la kila kipimo. Kuna mtego mmoja hapa ambao huwakamata hata wenye uzoefu. DRV5055A1 imetengenezwa kwa makusudi ili unyeti wake upande kwa asilimia 0.12 kwa kila nyuzi, kwa sababu wanunuzi wake wengi huitumia na sumaku za kudumu zinazodhoofika kwa kiasi hichohicho zinapopata joto. Kwa kazi ya swichi na mashine ni jambo jema. Kwa anayepima uga wa koili ni kosa la asilimia 1.2 kwa kila nyuzi 10. Fanya ugezi katika joto mbili tofauti, upate kiwango cha chipu yako na urekebishe kwenye programu, au ufanye kazi ndani ya nyuzi 3 za joto la ugezi na ukubali shaka ya karibu asilimia 0.4.

Hatua ya 8: Andika shaka

Sasa orodhesha kila unachokishuku, kwa asilimia. Kwa koili za Helmholtz, kosa la nusu kipenyo huathiri uga kwa mara 0.4 na kosa la umbali kati ya koili kwa mara 0.6. Nusu milimita ya nusu kipenyo ni asilimia 0.2 ya uga, na milimita 1 ya umbali ni asilimia 0.6. Mkondo, pamoja na rezista na kigeuzi, tuseme 0.3. Pembe 0.14. Joto 0.4. Kelele iliyobaki 0.13. Piga kila moja mraba, jumlisha, chukua mzizi: asilimia 0.8.

Tazama kilichojitokeza. Biti 16 za ADS1115 hazina shida yoyote hapa. Umbali kati ya pete mbili za mbao ndio unaotawala hesabu nzima. Ukitaka kuboresha chombo hiki, achana na duka la chipu, tafuta kaliper nzuri. Hesabu ya shaka ina thamani kwa sababu inakuonyesha mahali pa kuweka nguvu.

Kisha jihakiki kwa njia isiyo na undugu na ya kwanza. Zungusha mizunguko 200 kwenye bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 20, ikitapakaa milimita 100 za urefu. Fomula ya koili ndefu, μ₀ × N × I ÷ L, ambapo L ni urefu wa koili, hutoa millitesla 2.51 kwa ampea, lakini bomba si refu bila mwisho, kwa hiyo zidisha kwa urefu ukigawanywa kwa mzizi wa jumla ya mraba wa urefu na mraba wa kipenyo. Hapo ni 0.981, na jibu ni millitesla 2.46 kwa ampea. Kwa ampea 0.1, chipu ikiwa katikati ya bomba, tarajia maikrotesla 246. Koili hizi mbili zikikubaliana ndani ya asilimia 1 au zaidi kidogo, namba zako zina msingi. Zisipokubaliana, usichukue wastani wa mbili zinazogombana, tafuta ipi imekosea. Anza kwa kuhesabu upya mizunguko.

Kutoka uga hadi mkondo

Wengi hufika hapa wakitaka kupima mkondo bila kukata waya. Kuweka chipu kando ya waya kunavutia lakini hakufai: kwa ampea 10 na umbali wa sentimita 1 unapata maikrotesla 200, na milimita 1 ya kosa la umbali ni asilimia 10 ya jibu. Pitisha waya ndani ya pete ya feriti (kauri yenye chuma inayokusanya uga wa sumaku) iliyokatwa ufa, na chipu ikae ndani ya ufa. Uga hapo ni takriban μ₀ × I ÷ upana wa ufa. Kwa ampea 10 na ufa wa milimita 2 ni millitesla 6.3, mara thelathini zaidi, na mahali waya ulipo ndani ya pete hakuna umuhimu mkubwa tena. Fanya ugezi upya kwa kupitisha mkondo unaoujua. Mizunguko 10 ya waya wa ampea 1 ni sawa na ampea 10.

Pitisha waya mmoja tu. Kebo nzima yenye waya wa kwenda na wa kurudi itakupa sifuri, kwa maana mikondo yake inapingana. Usiguse wala kuchuna waya wa umeme wa gridi: kazi yote hufanyika juu ya plastiki yake, na kama nyaya zinapaswa kutenganishwa, umeme uzimwe kwanza na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Kwa mikondo midogo ya umeme wa betri, ACS712 ina njia ya mkondo na bamba la Hall ndani ya chipu moja. Ile ya ampea 5 hutoa milivolti 185 kwa ampea, na mbinu zote za kusoma nusu ya umeme unaolishwa, wastani na ugezi zilizotajwa hapo juu zinaifaa bila kubadilishwa.

Feriti hukumbuka. Baada ya mkondo mkubwa, sifuri yake haitarudi pale ilipokuwa. Ifute kwa kupitisha mkondo wa kupishana unaoshuka polepole hadi sifuri, soma sifuri mpya, iandike pamoja na joto na saa, ndipo uendelee na kipimo kinachofuata.